Maharagwe ya Pili

Jumatatu, 11 Juni 1956

Bado nang'oa maharagwe. Mghoi mgongoni. Analala, anaamka, ananivuta nywele, analala tena. Maganda mepesi. Mvua ya masika ilikatika mapema, mengi yana punje mbili tu. Mahindi yamesimama, si mabaya, lakini peke yake hayatatufikisha mavuno ya vuli. Najua. Mwaka jana nilijidanganya. Mwezi wa kumi tulikuwa tunakunywa uji mwembamba, mimi na tumbo langu kubwa. Mghoi akazaliwa Desemba, mdogo kama paka. Sitaki kurudi huko.

Jumatano, 13 Juni

Ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Nimetoka, sikuona hata banda la kuku. Nikaenda kushika udongo chini ya mahindi, pale nilipong'oa. Umelowa. Huku Mghange mvua ikiisha ukungu unabaki, na udongo unakunywa ukungu huo bure bila kuzaa kitu. Kwetu Mboghoni wangeona ni dhambi. Kwetu maji ya mfereji yanapita, unavuna huku unapanda. Mama yangu huzika maharagwe ya pili katikati ya mistari, mahindi yakiwa bado yamesimama. Nimewaza jambo hilo mpaka nikaunguza ugali.

Jumamosi, 16 Juni

Nimekwenda kwa mama mkwe kuomba mbegu. Kibuyu cha mbegu kinaning'inia juu ya meko yake, cheusi kwa moshi. Ndiyo mbegu ya vuli, yake na yangu pia. Hakuna nyingine.

Amenisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchicha. Halafu: "Mbegu haizikwi mara mbili kwa mvua moja. Sisi si watu wa mfereji."

Nilitaka kulia, nikajizuia. Akamchukua Mghoi, akampimapima mikononi kama mtu anayenunua kuku. Akamrudisha. Akapanda kigoda, akakitungua kibuyu, akanimiminia nusu kwenye kapu.

"Zikipotea hizi, vuli tutazunguka milango ya watu na bakuli, mimi na wewe."

Huku mwanamke akiomba mbegu, anasemwa mpaka binti zake waolewe.

Jumanne, 19 Juni

Nimepanda. Peke yangu, kwa kijiti na si kwa jembe, nisikate mizizi ya mahindi. Tundu, punje mbili, fukia kwa kidole cha mguu. Mghoi nimemlaza kwenye kanga chini ya mahindi, akawa anayatazama majani yakicheza. Mgongo umekufa. Nimefurahi, tena naogopa. Kapu tupu linatisha kuliko kapu lililojaa.

Jumapili, 24 Juni

Hakuna kitu. Nimepita shambani kabla ya kanisa na baada ya kanisa. Udongo mtupu. Nimefukua tundu moja, nikakuta punje imevimba tu. Nikairudisha kama mwizi.

Alhamisi, 28 Juni

Yameota. Yametoka yameinama, na udongo kichwani, kama watoto wamebeba mizigo. Nimemwonyesha Mghoi. Akala jani moja.

Jumatatu, 9 Julai

Jua. Jua tu. Ukungu umekatika kama mtu aliyekasirika akaenda zake. Maharagwe yana majani manne na mchana yanalala. Nateka maji mtoni kwa debe, nanyweshea kwa kikombe, shina kwa shina. Mama Wakio, jirani yetu wa chini, amenikuta nainama na kikombe. Akacheka mpaka akaweka kuni zake chini.

"Mama Mghoi, na chai utawapikia?"

Nikacheka na mimi. Alipopita, nikakaa chini. Nusu ya kibuyu iko hapa, kwenye jua hili.

Jumamosi, 21 Julai

Mwadime amefika kutoka shamba la mkonge kule Voi. Amepanda kilima kwa miguu kutoka barabarani, ana vumbi mpaka kwenye kope. Kabla ya kuoga amemtafuta Mghoi. Mghoi hakumjua baba yake, akalia. Imemuuma, ingawa amecheka.

Nimempeleka akaone maharagwe. Ukungu umerudi tangu juzi, yamesimama. Ametazama mstari kwa mstari. Halafu akauliza kama mama yake amenipa mbegu kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

"Mimi mwanawe hanipi hata kiberiti bila maswali."

Amepalilia mistari mitatu kabla ya kushuka. Kesho yuko kazini tena. Ningependa akae. Sikumwambia.

Jumatano, 8 Agosti

Maua. Meupe, madogo. Wadudu weusi nao wamekuja kwenye ncha. Nimenyunyiza majivu umande ukiwa bado, kama mama yangu afanyavyo. Nimehisi mama mkwe ananitazama kutoka shamba lake. Mashamba yetu yamepakana, mpaka ni mstari wa mimea ya masale tu. Sikugeuka.

Jumatano, 15 Agosti

Mahindi yangu yamekauka kabla ya ya wengine, upande wangu una mawe. Nimevunja yote. Nikakata na mabua, nikayalaza pembeni, maharagwe yapate mwanga. Maganda yameanza, membamba kama sindano. Shamba limefunguka, linapendeza, mtu anayaona maharagwe toka njiani. Nimelala mchana kidogo na Mghoi. Mara ya kwanza tangu Juni.

Jumapili, 19 Agosti

Mimi ni mjinga.

Baada ya ibada wazee walisimama nje ya kanisa wakaulizana ni nani bado hajavunja mahindi. Mahindi ya mteremko wetu yakiisha, mashamba yanafunguliwa. Mbuzi wa kila mtu wanaingia shamba la kila mtu kula mabua, hakuna wa kumwuliza mwenzake. Ndivyo ilivyo huku tangu zamani. Mwaka jana niliwaona kwa macho yangu, walipita mpaka mlangoni pangu. Lakini sikufikiri. Kwetu mashamba hayafunguliwi kamwe, siku zote kuna kitu kinaota. Nimepanda kama mtu wa Mboghoni katika ardhi ya Mghange.

Maharagwe yanataka mwezi mzima bado. Mahindi ya watu yataisha wiki hii, wiki ijayo yakichelewa sana.

Kama ningeacha yangu yamesimama, walau mstari mmoja, shamba lingehesabika halijavunwa. Nimeyakata kwa mkono wangu.

Jumanne, 21 Agosti

Nimekata miiba siku mbili. Ua umefika nusu ya upande wa chini. Mikono yote damu. Mghoi ananyonya akiishika mikono yangu, akigusa mikwaruzo kidogo kidogo. Maziwa yamepungua, nahisi. Anavuta, anaachia, ananitazama.

Miiba ya karibu imekwisha. Mbuzi hawazuiliwi na nusu ya ua.

Nimemwendea Mzee Mwambela. Mbuzi wengi wa mteremko huu ni wake. Si mtu mbaya. Amenipa kiti, akamsifu mtoto. Halafu akaniambia niende kuwatazama mbuzi wake. Nimewatazama. Mbavu nje, kamba zimewachubua shingo. Majani ya njiani yamekwisha. "Mama, hawa nao wanangoja mabua kama wewe unavyongoja maharagwe," amesema. Nimesema ahsante nikarudi.

Ijumaa, 24 Agosti

Mama Wakio amemaliza kuvunja. Na wale wa juu, na wale wa mtoni. Kumebaki shamba moja tu, la mama mkwe. Ajabu. Kila mwaka yeye ndiye wa kwanza, huwa anawacheka wengine kwa kuchelewa. Anasema mgongo unamuuma.

Sikulala vizuri. Naye akivunja kesho, keshokutwa mbuzi wamo.

Jumatatu, 27 Agosti

Mama mkwe bado. Nimekwenda kumtazama mgonjwa wangu na uji kwenye kibuyu kidogo. Sikumkuta. Nimemwona anapanda njia na mzigo wa kuni, mkubwa kuliko wangu wa jana. Ameuweka chini aliponiona, akashika kiuno.

Sijui nifikiri nini. Labda mgongo unamshika na kumwachia.

Jumamosi, 1 Septemba

Leo nimeona haya. Mkwe mzima, mama mkwe anaumwa, mahindi yake yanasimama shambani, tumbili wanayachuma, na mimi nakaa nikiombea yasivunjwe. Hiyo si tabia. Nimemfunga Mghoi mgongoni, nikachukua kapu, nikaingia shambani kwake. Nikajiambia, acha iwe. Nimevunja hindi la kwanza huku machozi yananitoka.

La pili sikulifikia. Nimesikia sauti kutoka mlangoni kwake, kali, ya mtu asiyeumwa mahali popote.

"Weka kapu chini. Nani amekutuma?"

Nikasema, Mama, nimekuja kukusaidia.

"Mahindi ni ya nani?"

Yako, Mama.

"Basi yaache. Nenda ukaangalie vitu vyako."

Alikuja akalichukua lile hindi mkononi mwangu. Akamenya ganda, akatazama punje. Zilikuwa zimeshaingiwa na dumuzi, vitundu vidogo vingi. Akalitupa ndani ya kapu. Akaingia ndani.

Nilitazama maharagwe yangu ng'ambo ya masale. Halafu nimeelewa.

Jumatano, 5 Septemba

Nimetaka kumshukuru. Nimekwenda mara mbili. Kila nikianza, anaanza yeye habari za kuku.

Watu wanasema. Mama Wakio ameniambia mtoni, anapunguza sauti ila si sana: "Mama Mwadime kwisha. Zamani kwa kuvuna hatukumfikia, leo shamba lake linaoza." Wengine wamecheka. Mimi nimejaza debe langu nikaondoka. Ningesema ukweli, kwamba anayaacha ili mbuzi wasiingie kwangu, wangekwenda kuyavunja wenyewe, kwa upendo.

Mzee Mwambela naye alikwenda kwake jana. Nilikuwa upande wangu wa masale, nikasikia yote.

"Shemeji, nikuletee wasichana wangu? Asubuhi moja tu yamekwisha."

"Mahindi yangu huvunjwa na mikono yangu."

"Na mikono inasemaje?"

"Inasema inauma."

"Ulisema mgongo."

"Umeshuka."

Mzee akacheka, lakini alipogeuka hakuwa akicheka. Mbuzi mmoja amekufa kwake wiki hii. Sijui kama ni njaa. Naogopa ni njaa. Nimechukua mabua yangu yote niliyolaza pembeni, nimeyabeba mizigo minne mpaka kwake. Amepokea. Hakuniuliza kwa nini.

Jumatano, 12 Septemba

Mbuzi mmoja amekata kamba, ameingia mahali ua ulipoishia. Nilikuwa namwosha Mghoi. Nimekimbia na mtoto uchi, sabuni masikioni. Mbuzi amekula pembe ya mistari miwili. Nilimpiga kwa kata ya maji. Halafu nikamwonea huruma, nikamrudisha kwa Mzee Mwambela nikimvuta kwa sikio. Nimekadiria hasara kwa macho, si kubwa.

Maganda yanaanza kuwa manjano. Si yote. Mola, siku chache tu.

Jumapili, 16 Septemba

Mvua ndogo usiku. Kwangu ni salama. Kwake ni mbaya, mahindi yaliyosimama yananywa maji kwa kichwa. Leo asubuhi harufu ya kuoza inafika mpaka huku. Kanisani wazee wamesema hawatangoja Jumapili nyingine. Mama mkwe alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alifungua kitabu cha nyimbo, akaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ijumaa, 21 Septemba

Nimeng'oa yote leo. Mengine bado yana unyevu, yatakaukia uani. Mwadime amekuja kwa ruhusa ya siku mbili, tumeng'oa pamoja, mama yake naye. Alikuja bila kuitwa, akaanza mstari wa mwisho, akatupita sote wawili. Mgongo haukutajwa. Mghoi amekaa kwenye rundo, anatambaa sasa, amejaza maganda kinywani.

Mwadime ameuliza, Mama, mbona mahindi yako bado? Mama yake akasema, "Wewe palilia mkonge wa wazungu."

Jumamosi, 22 Septemba

Tumevunja mahindi yake asubuhi. Kapu la mazima, makapu mawili ya kutupia kuku. Nimetazama makapu yale mawili, nikashindwa kula mchana.

Jumatatu, 24 Septemba

Nimepura. Maharagwe si mengi, ila ni mazito, meusi yanang'aa. Cha kwanza nimejaza kibuyu changu, kikubwa kama cha mama mkwe. Nimejaza mpaka shingoni, si nusu niliyopewa tu. Nimempelekea na kapu jingine la kula, kubwa kuliko nililoacha kwangu. Amekitikisa kibuyu sikioni. Amepanda kigoda, amekitundika juu ya moshi. Akashuka, akaniuliza kama upande wake wa juu, ule wenye kivuli, ukungu unakaa sana au kidogo. Nikasema unakaa sana. Akaguna.

Akasema pia, kama anasema habari ya mtu mwingine, kwamba mtu mwenye akili angeacha mstari mmoja wa mahindi umesimama.

Nikasema, ndiyo, Mama.

Jioni mbuzi wameingia. Wote, na kengele zao, mpaka mlangoni. Mghoi amepiga makofi. Nimembeba, tumesimama tukawatazama wakila mabua ya mama mkwe. Maharagwe yako jikoni, yanachemka. Nitamsagia kidogo, laini, bila chumvi.