Ufa Nyuma ya Kabati la Kamusi

Jumatatu, 16 Juni

Naomba radhi, daftari langu, kwa ukimya wangu. Miezi minne bila mstari hata mmoja. Sikuugua wala sikusafiri. Niliogopa. Jambo nikishaliandika siwezi tena kujifanya silijui.

Nimefungua maktaba saa mbili kamili. Nimefuta vumbi. Wasomaji saba. Fundi Bahati, msimamizi wa ukarabati, amepima tena ukuta wa kati. Atauvunja tarehe 30. Vyumba viwili vitakuwa ukumbi mmoja na rafu zitawekewa magurudumu. Asubuhi ukumbi utatunza watoto wa akina mama wanaovuka mpaka kwenda kuuza Goma, mchana wasomaji, jioni mikutano. Mpango mzuri. Niliuunga mkono kwa barua.

Nyuma ya kabati la kamusi kuna ufa.

Jumanne, 17 Juni

Niandike yote basi.

Baada ya mlima wa volkano kulipuka miaka ile, ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo. Ukuta wa upande wa ziwa ulipasuka kutoka dirishani hadi darini. Wakaguzi wakapita mjini wakichora alama nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa. Asubuhi waliyokuja kwetu nilisukuma kabati la kamusi mbele ya ufa. Peke yangu. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Wakaguzi wakaandika kwamba jengo ni salama. Niliwapa chai.

Jengo hili la mawe meusi lilikuwapo kabla sijazaliwa. Niliporudi kutoka Bukoba, mwalimu asiye na shule, ndilo lililonipokea. Sikuwa tayari kuona likichorwa alama.

Baadaye nilibandika kadi ya katalogi juu ya ufa, ncha moja huku, nyingine kule. Fundi mmoja wa Bukoba alifanya hivyo kanisani kwetu. Kadi ikichanika, ukuta unatembea. Yangu ilikaa nzima miaka yote.

Februari ilichanika.

Ijumaa, 20 Juni

Nilibandika nyingine Jumanne. Nimeichungulia kwa tochi leo. Imechanika katikati.

Nilisahau hata kuzima tochi. Bahati aliniona.

"Mwalimu, uso yako iko mubaya leo. Unaogopa nini? Hii nyumba iko na nguvu kuliko mi na we!"

Siku nyingine ningemsahihisha Kiswahili chake, naye angecheka na kukosea tena makusudi. Leo nilijibu kwamba ni baridi. Nilimdanganya mtu mwaminifu.

Jumatano, 25 Juni

Sili vizuri. Mimi si fundi, lakini najua kuhesabu kuta. Ule wa kati ukiondoka, dari lote la upande wa ziwa litaegemea ukuta wenye ufa. Na chini yake watalala watoto.

Nikisema, jengo litabomolewa na kila mtu atajua nilichofanya. Miaka arobaini nimewaadhibu watoto kwa kuficha makosa.

Ijumaa, 27 Juni

Nilikwenda kumwambia Bahati. Nikamwuliza kuhusu rangi ya madirisha. Nikarudi nyumbani.

Mwoga.

Jumamosi, 28 Juni

Leo umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha vitabu. Watu walijipanga kutoka mlangoni hadi uani wakipokezana mkono kwa mkono.

"Eh! Hiki kitabu iko nzito kuliko gunia ya viazi ya Bugeshi!"

"Kisome kwanza, kitapunguka uzito!" alijibu wa nyuma yake.

Walicheka. Mimi nilisimama mbele ya kabati la kamusi. Walipolifikia nilisema, "Hili liacheni." Wakaliacha. Hakuna aliyeuliza sababu. Amesema Mwalimu, basi. Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote.

Kazi ilipokwisha tuliketi uani kwa mkutano, kama kawaida. Kiongozi wa mtaa akauliza nani ana neno. Nilitazama viatu vyangu. Akasimama Mama Furaha, anayeuza nyanya Goma, binti yake mgongoni.

"Mi nataka kumushukuru Mwalimu. Mutoto yangu hatalala tena kwa jua kule kwa barrière ya mupaka. Nimeshachagua fasi yake. Pale, kwa kona ya kamusi."

Nilisimama. Nilisema, "Hapana, Mama Furaha. Hapo asilale." Kisha nikasema yote.

Bahati aliingia ndani na wanaume wanne wakasogeza kabati. Alipotoka hakuwa na utani.

"Bon Dieu, Mwalimu. Kesho kutwa ningevunja ule ukuta. Na watu yangu wote chini."

Mama Furaha alimfunga mtoto vizuri zaidi mgongoni, akaondoka bila kuniaga.

Jumatano, 2 Julai

Mvua nyepesi asubuhi. Ziwa halionekani.

Injinia alifika jana. Ametegemeza dari kwa miti na kufunga mlango kwa kufuli. Ama watauimarisha ukuta, ama watabomoa jengo zima. Hajui bado. Aliisifu kadi yangu, akabandika mpya, akaniomba niitazame kila siku kupitia dirishani na kumpigia simu. Sifa hiyo iliniuma.

Bahati aliitikia salamu yangu kwa mkono tu.

Kamusi zimo barazani kwangu hapa mtaani Nengo, ndani ya maboksi. Asubuhi hii Mama Furaha alifika, akatandika kitenge katikati ya maboksi, akamlaza mtoto. "Nitarudi saa tisa," alisema. Basi. Akaenda mpakani.

Mtoto amelala. Nilipochungulia dirishani maktaba saa mbili kadi ilikuwa nzima. Bado naogopa, ila leo nimekula.

Siandiki tena mpaka waamue. Siku hiyo nitaandika, hata kama neno lenyewe ni kubomoa.