Nilifuta Hata Vitufe

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako. Vipi hicho kivimbe cha shingoni, kinauma bado? Unakula lakini? Najua majibu ya kipimo ulichofanyiwa huku kwetu hayajakufikia. Sisi ni wazima wa mwili, ila moyo wangu unatwanga kama mchi.

Binti yetu yuko matatani pale maabara. Kompyuta zao zimewekewa mtindo mpya: ukiingia tu, zinakuandikia mara ya mwisho uliingia lini. Jumatatu akakuta imeandikwa Jumamosi saa nne asubuhi, na saa hiyo yeye alikuwa nyumbani anafua mapazia. Akaripoti kwa mkuu wao, ndiyo sheria. Aliyekuwa zamu Jumamosi hiyo ni yule mpimaji damu tunayemwita Bwana Taratibu, maana hata chai anainywa kama anaipima. Maskini ameapa kwa wanawe wanne kwamba hakuigusa. Mkuu akamjibu kuwa kompyuta haina ndugu wala adui, haimsingizii mtu. Kesho saa tatu anaitwa. Asipokiri, kazi hana.

Binti yetu chakula hakipiti. Jana aliniuliza atamtazamaje usoni mtu aliyemfundisha kazi. Nikajifanya natafuta ufagio, na ufagio ninao mkononi.

Mdogo wangu, ni mimi. Wiki ya tatu bila majibu yako, uvumilivu ulinishinda. Chumba kile nakifagia kila siku. Neno la siri la binti yetu nalijua, ni jina la utani nililompa mwenyewe akiwa mchanga, na akiliandika midomo inacheza. Bwana Taratibu alipopeleka chupa wodini, nikakaa kitini, nikaingia kwa neno hilo, nikaandika jina lako kwa kidole kimoja. Ukatokea! Chini yako mistari sita ya kidaktari, sikuambulia hata neno. Nikazima, nikafuta meza, kiti, hata vitufe, kwa kitambaa cha sabuni. Nikajua nimeondoka bila alama. Kumbe alama iko ndani, kitambaa hakifiki.

Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwa mkuu, kabla hawajamwita mwenzangu. Binti yetu nitamwambia leo, akirudi tu. Nisamehe. Wakinifukuza, nakuja kwako, tuyasubiri hayo majibu wawili, kama wanavyosubiri watu wengine.

Nisalimie shemeji na wanangu wote hapo. Na ule, tafadhali.

Ni mimi dada yako,
mfagizi wa maabara mpaka kesho saa mbili.