Nyaya za Jirani

Mwenzangu, acha unachofanya. Shangazi kaniua leo.

Si unaijua gari yake, imelala uani miaka saba? Asubuhi kaamua kuiwasha. Betri imekufa. Kakimbilia kwa jirani kuazima nyaya za kubustia, zile za kuchukulia moto kwenye betri ya gari nyingine, jirani akasema hajui zilipo. Shangazi karudi kanuna. "Roho mbaya tu yule."

Kaja fundi, Shangazi kamsimulia ya jirani. Fundi akasema haiwashwi mpaka mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini, ubadilishwe. Shangazi kagoma. "Gari haijatembea, mkanda umechokea wapi?"

Fundi hakubishana. Kaufungua, kaukunja kwa vidole viwili. Ukakatika kama biskuti. Biskuti kabisa.

"Mama, ungeiwasha leo, injini yote ingekwenda na maji. Mshukuru aliyekunyima nyaya."

Shangazi katoa pochi mwenyewe. Shangazi huyu huyu.

Mkanda mpya ukafungwa. Fundi kafungua buti ya gari kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Nyaya hizo hapo, zimeandikwa jina la jirani kwa rangi nyeupe. Shangazi aliziazima mwenyewe, mara ya mwisho gari ilipowashwa.

Sasa yuko mbele ya kioo, anafanya mazoezi ya kuomba msamaha. Kila akianza, anaishia kumgombeza jirani kwa nini hakuzifuata.