Nilikiweka Kisogo cha Baba Mkwe Mtandaoni

Mshauri wangu mpendwa, salamu nyingi, najua umechoka na barua za ndoa lakini naomba unisaidie na hii yangu, ambayo ilianza kama jambo la biashara na sasa imeingia ndani ya nyumba, imekaa kitako na haitaki kutoka.

Mimi ni kinyozi, nina chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kirefu, na nyuma kuna mlango wa uani unaotokea penye tangi la maji, na mlango huo ndio ulionilisha miaka yote hii kuliko ule wa mbele, maana kwa mbele wanaingia wanaotaka kunyolewa, lakini kwa nyuma wanaingia watu wazima na heshima zao wanaotaka kupakwa rangi ya kuficha mvi, wanakuja mchana watu wakiwa kazini, wakikutana hawasalimiani, kila mmoja anajifanya amekuja kuniuliza kama namjua fundi bomba mzuri, na wakitoka wanatoka na vichwa vyeusi tii chini ya kofia, na mimi mdomo wangu nimeufunga, hata mke wangu hajui nani anapakwa na nani hapakwi.

Sasa ng'ambo ya barabara jamaa mmoja akafungua duka la kinyozi la kisasa, taa za rangi, kochi refu, na kila anayenyolewa anapigwa video inawekwa mtandaoni na muziki juu yake, watu wakawa wanapanga foleni kwake huku viti vyangu vinatazamana na kioo. Mke wangu ni karani wa duka la dawa na kazi hiyo imemzoesha kusema jambo mara moja tu, akaniambia biashara matangazo, na mtandaoni tangazo ni la bure, simu ninayo, ninangoja nini. Nikamjibu kizuri chajiuza. Akasema basi nikiambie kijiuze haraka, sukari imekwisha.

Nikaanza, nikapiga picha viti, nikapiga picha kioo, na ndani ya kioo nikaonekana mwenyewe nimeshika simu kama mtu aliyeiokota, waliopenda walikuwa mke wangu na dada yangu, na dada yangu alikiri kwamba alibonyeza kwa bahati mbaya. Nikachungulia kurasa za jamaa wa ng'ambo nione anafanyaje, nikakuta anaonyesha kichwa kabla na kichwa baada, nikasema moyoni kumbe ni hilo tu, kabla na baada yangu ni kubwa kuliko yake, tatizo ni kwamba wateja wangu ni wa siri. Hapo ndipo akili yangu iliponidanganya, mshauri, maana sisi vinyozi watu tunawajua kwa visogo, mtu akinisalimia sokoni uso kwa uso namung'unya maneno mpaka anipe mgongo ndipo namjua, na nikaamini, kwa ujinga wa kazi, kwamba elimu hiyo ni yetu peke yetu, kwamba wengine wote wanajuana kwa sura, kwa hiyo nikionyesha kisogo bila sura nitakuwa nimemficha mtu kabisa.

Na kichwa chenye mvi nyingi kuliko vyote vinavyopita mlango wa nyuma ni cha baba mkwe wangu.

Niseme kwanza kuhusu mzee huyu. Ni mgane, mstaafu, mtu wa suti hata siku ya kwenda kununua balbu, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyejua kwamba anapaka rangi, wote walikuwa wakisema ukoo wao hauzeeki, mke wangu pia alisema hivyo huku akinitazama mimi. Alianza kupaka tangu alipoonana na mama mmoja mjane mwenye duka la miwani. Mama huyo alimpima macho, mzee akanunua miwani pale, na tangu siku hiyo miwani hiyo inalegea skrubu kila wiki na lazima irudishwe dukani kukazwa, na mimi nina hakika anailegeza mwenyewe. Siku moja nikiwa nampaka aliniambia, bila kunitazama kwenye kioo, kwamba amejiandaa kumwambia mama huyo neno, ila anangoja siku ambayo kichwa kitakuwa kimekaa sawa. Nilikuwa mtu pekee aliyeambiwa.

Siku hiyohiyo, mshauri, nilikuwa nimeegesha simu kwenye rafu ya taulo, inarekodi. [Hapa ameeleza kwa urefu kisogo chenyewe kilivyo, na kovu lake. Nimefuta. Mshauri.]

Nikaipandisha video na maneno haya: "Babu aingia, kaka atoka." Nilijipongeza kwa maneno hayo, nakiri, na jioni nilipofungua simu nilidhani imeharibika, inatetemeka mezani yenyewe, watu wameitazama, wamecheka, wamerushiana, na kati ya maoni yote kukawa na moja la mwenye duka la miwani, jina na picha yake, ameandika: "Kisogo hiki nakijua." Na kikatuni cha kucheka. Chini yake watu wakashuka kama mvua, nani huyo, mama tutajie, wengine wakaanza kubahatisha, na kufika asubuhi mtaa mzima umeshajua. Mke wangu alimtambua baba yake kabla muziki haujaanza. Hakupiga kelele, alinirudishia simu kwa ncha za vidole akaenda kulala kwa watoto, na mpaka leo huko ndiko anakolala.

Mzee alikuja dukani mara moja tu tangu siku hiyo, na alikuja kwa mlango wa mbele, amevaa kofia, watu wamejaa, maana sasa wanajaa. Nikazima mashine. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikupa binti yangu. Kichwa changu sikukupa." Akaondoka. Tangu hapo haji kwetu kula, haendi duka la miwani, na wala haendi kwa kinyozi mwingine, hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, rangi inakatika, mvi zinaota kwa chini, nimemwona kwa mbali ameinua kofia ajifute jasho, kichwa kimegawanyika nusu nyeupe nusu nyeusi, na hata hivyo hajampa mtu mwingine akiguse.

Upande wa biashara sasa. Mlango wa mbele umechangamka, vijana wanakuja wakiwa wameshajipodoa tayari kwa kamera, lakini mlango wa nyuma umekufa kabisa, isipokuwa mteja mmoja aliyechungulia akaniambia nitumbukize kwanza simu kwenye ndoo ya maji ndipo akae. Mke wangu anataka niifute video na ukurasa wote. Mimi naona nikiifuta ni sawa na kukiri mbele ya watu kwamba ni yeye, na tena watu wa mbali wananisifu, kuna mmoja ameniita profesa wa mvi. Naomba uniambie, je, mtu mwenye biashara ndogo kama yangu anafaa kujitangaza huko mtandaoni au niachane nako, na nifanye nini baba mkwe arudi, na yule mama aliyemcheka mzee hadharani nimwambie nini? Wako, kinyozi mwenye shida.

JIBU LA MSHAURI

Ndugu kinyozi,

Nimecheka, sitakuficha. Nilipofika kwa mzee na kofia yake kicheko kikakata, nikatamani ungekuwa karibu nikuvute sikio.

Umeniandikia jina la mtaa, rangi ya mlango wa duka la mama wa watu, na kovu la mzee kwa kina ambacho hata daktari hakihitaji. Vyote nimevitoa. Hebu jitazame: hata unapokuja kuomba msaada, bado unamtangaza baba mkwe wako.

Swali la biashara ni jepesi, tulimalize. Jitangaze. Mkeo amesema kweli, biashara matangazo, na anayekaa kimya siku hizi atasahaulika na kiti chake. Huna fedha za kubandika mabango, simu unayo, itumie. Lakini acha kuliita tangazo la bure. Lilikuwa bure kwako. Mzee alililipia kwa mambo matatu ambayo mtu wa umri wake hayapati tena kirahisi: heshima kwa wanawe, pahali pa kukaa akatulia, na mtu wa kumwendea skrubu zikilegea.

Wewe una kazi mbili chini ya paa moja na umezichanganya. Wa mlango wa mbele wanakuja ili waonekane, basi waonyeshe, waulize kwanza, wengi watakubali kabla hujamaliza swali. Wa mlango wa nyuma wanakulipa ili wasionekane. Hao unauza kwao ukimya, rangi ni nyongeza tu. Sasa wewe umechukua ukimya ukautia muziki. Unashangaaje mlango umekufa?

Na wale wa mbali wanaokuita profesa, mwanangu, wana vichwa vya kukuletea? Hawana. Wana vidole tu. Mfanyabiashara asiyejua tofauti ya mteja na mtazamaji atasifiwa mpaka afunge duka.

Video uifute leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Hoja yako kwamba kuifuta ni kukiri imenichosha. Mtaa umeshajua, kwa maneno yako mwenyewe. Kilichobaki kujulikana ni kama wewe una haya. Nakala zilizosambaa hutazipata, maji yakimwagika hayazoleki, lakini yako itoke. Ukurasa ubaki. Ukitaka kuonyesha rangi inavyofanya kazi, kinyozi hajinyoi, lakini hakuna aliyemkataza kupakwa: mwombe mtu akupake wewe, uso kwa kamera, na maneno yaleyale uliyojipongeza nayo. Usipoweza kuyavumilia kwa kichwa chako, umeshajifunza. Na mchana, mlango wa nyuma ukifunguliwa, simu yako iwe nje, kwenye dirisha, kila anayeingia aione kwa macho yake.

Kwa mkeo usipeleke maelezo. Yeye alikutuma utangaze kinyozi, hakukutuma utangaze baba yake. Mwambie umekosa, neno moja, halafu unyamaze, na ukishanyamaza uendelee kunyamaza.

Kwa mzee nenda mwenyewe, nyumbani kwake, na mkoba wako wa kazi. Usimtume mtu wala usitume ujumbe wa simu, simu imeshasema ya kutosha. Piga magoti, hutakatika. Mwambie pole, umwulize anataka kichwa chake kiweje, naye ndiye ataamua, kama ni kupaka utapaka, kama ni kunyoa utanyoa, na usimshauri lolote. Umesema mwenyewe kwamba hajampa mtu mwingine akiguse. Mtu aliyekukata kabisa angeshakaa kwenye lile kochi la ng'ambo. Anakungoja, na wewe unaniandikia mimi.

Sasa nije kwa huyo mama, maana hapa ndipo uliponikera kuliko pote. Unasema alimcheka mzee hadharani. Soma tena alichoandika. Hakuandika "kumbe mzee". Hakuandika "ametudanganya". Alisema anakijua kisogo. Wewe unavijua visogo kwa sababu ni riziki yako. Yeye amekijuaje? Kuna njia moja tu. Kila mzee alipotoka na miwani yake iliyokazwa, mama huyo alisimama akamtazama akienda zake, hakumtazama mara moja wala mbili, mpaka siku alipokiona kwenye kioo cha simu, bila sura wala jina, akakitambua kwa furaha mpaka vidole vikamponyoka. Na usisahau kwamba ndiye aliyempima macho. Umri wa mzee anaujua tangu siku ya kwanza. Mnamficha mtu jambo alilolisoma mwenyewe kwa taa.

Kwa hiyo wewe usimwambie kitu. Funga domo. Mwambie baba mkwe wako haya niliyosema, kisha umwache avae suti yake aende, na kichwa chake cha nusu nyeupe nusu nyeusi kikiwa hivyo hivyo kama akipenda, akajibu yale maneno mlangoni kwa aliyeyaandika. Asijibu kwa simu.

Neno la ziada kwa wasomaji wengine. Jibu hili nililipeleka kwanza kwa kinyozi peke yake, nikamwagiza asilitoe nje ila kwa mzee, na baada ya siku chache amuulize kama naweza kuchapisha. Kinyozi akaniandikia kwamba aliogopa kuuliza, akauliza, na ruhusa ikapatikana kabla chai haijapoa. Angeweza kuuliza vivyo hivyo siku ile, simu ikiwa bado mfukoni. Mzee ameweka sharti moja tu, na nimemwahidi kulitimiza: niandike kwamba kofia imevuliwa, na kwamba hakuivua yeye, alivuliwa na mwenye duka la miwani.