Vijisanduku Thelathini vya Bluu

Jumatatu, 3 Machi
Leo saa tano asubuhi nimepoteza kitalu changu. Chote. Miche elfu ishirini na mbili, vibanda viwili, tangi, hadi choo. Hakikusombwa, hakikuungua. Kimepotelea kwenye picha! Barua ya ofisi ya mto inasema setilaiti imeona nilipo ni "maji ya kudumu". Kibali kimefutwa. Niondoke ndani ya siku kumi na nne. Tarehe 17, saa nne, wanakuja kupiga vigingi.

Maji ya kudumu! Mto uko mita mia moja na arobaini chini yangu, nimeupima kwa kamba. Pampu nimenunua ya nini basi? Miaka kumi na moja, nilianza na viriba mia tatu vya miche uani kwa mama, sikumpigia mtu magoti. Leo naambiwa naishi mtoni kama kiboko.

Aliyechora ramani iliyokuja na barua ni shemeji. Mume wa mdogo wangu! Saini yake ina masharubu kama kambale.

Jumanne, 4 Machi
Nimemfuata ofisini. Chumba baridi kama friji, skrini mbili, yeye na koti. Kanikaribisha maji ya kunywa. Nikamwambia sitaki, ninayo ya kudumu. Mwenzake wa meza ya pili alicheka hadi akapaliwa.

Shemeji anasema kompyuta haina undugu. Setilaiti inapita kila siku ya tano, saa nne na nusu. Ardhi inagawanywa vijisanduku, mita kumi kwa kumi. Panapokuwa peusi, pasiporudisha mwanga, panapakwa bluu. Basi.

Nikavuta kiti, nikahesabu bluu ya kwangu. Thelathini. Vimejipanga mstatili, kona nne safi. "Shemeji, umeshaona ziwa lenye kona?" Eti maumbile yana mengi.

Kufika nyumbani ndipo kichwa kikafunguka. Neti yangu ya kivuli — nyeusi! — mita thelathini kwa mia. Mita za mraba elfu tatu. Gawa kwa mia. THELATHINI! Wameipima neti wakaiita maji.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia. Kasema: hiyo ni dhana tu, shemeji. Ofisi inataka picha, si maneno.
Haya. Setilaiti inapita Ijumaa. Navua nusu ya neti. Kama ni maji, yatabaki.

Ijumaa, 7 Machi
Tumevua upande wa mashariki, mimi na mama wa viriba — anayenijazia udongo tangu mwaka wa pili. Saa nne na robo, anga safi kabisa. Saa nne na dakika ishirini na tano likaja wingu. Moja! Limekaa juu yetu dakika kumi, likaenda zake. Mama wa viriba amelitukana matusi ambayo hata humu siyaandiki. Miche mia nne imenyauka. Picha itatoka baada ya siku mbili, lakini najua: pamba tupu.

Jumatano, 12 Machi
Tumevua tena. Hakuna wingu. Saa nne na nusu mama wa viriba kapunga mkono juu. Nikamwambia asijisumbue, kijisanduku ni mita kumi, upana wake haufiki. Kasema nisiwe na uhakika huo.

Ijumaa, 14 Machi
Ramani mpya imetoka mtandaoni. Bluu kumi na tano! Nusu kwa nusu, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Nimecheza peke yangu kati ya matuta. Nimemtumia shemeji: "Kumi na tano." Kajibu: "Nimeona."

Saa kumi mdogo wangu kapiga. Bosi wa mumewe kafurahi mno, eti ramani imenasa mabadiliko. Ripoti inasema maji ya hapa yamepungua nusu kwa wiki mbili. Mto wangu unakauka! Sijui nipewe pole au hongera.

Jumamosi, 15 Machi
Shemeji kaja mwenyewe, na viatu vya ofisini kwenye tope. Kaleta ushauri: Jumatatu nivue neti yote, yeye ataahirisha vigingi kwa siku mbili, picha itoke kavu, barua ijifie. Hakuna atakayeuliza.

Na tarehe 22, nikiirudisha? Ziwa linajaa tena! Au niivalishe miche kofia, mmoja mmoja? Nikamwambia nataka sentensi moja kwa maandishi: ile ni neti, si maji. Akaanza kukwangua udongo kwa kisigino.

Ndipo likamtoka. Kila ramani ina fomu: mchoraji afike mahali, ahakiki kwa macho yake, aweke tarehe. Yeye kaweka Jumapili, tarehe 9 Februari. Nimefungua kurasa za nyuma humu. Tarehe 9 Februari: "Mdogo wangu na mumewe wamekuja kula. Shemeji kashiba, kalala kwenye mkeka chini ya neti hadi saa kumi."

Kahakiki kwa macho — yamefumbwa! Akiandika kwamba ni neti, watauliza siku ile aliona nini. Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitangulia. Yeye hakucheka.

Jumapili, 16 Machi
Mdogo wangu kalia kwenye simu. "Dada, mwonee huruma, wakimfukuza tutakula nini?" Namwonea. Ndiyo maana sijaenda kwa bosi wake.

Lakini adhuhuri kaja fundi magari wa ng'ambo ya barabara, na barua kama yangu. Vijisanduku viwili. Paa lake kalipaka lami nyeusi lisivuje! "Mama miche, wewe umevua neti. Mimi nivue paa?" Tumecheka, kisha hatukucheka. Sasa si mimi peke yangu. Na huko juu ya mto, nani mwingine ana kitu cheusi?

Saa kumi na moja jioni. Nimemwandikia shemeji ujumbe, nimemweleza na barua ya fundi. Nilianza na "tafadhali", nikaifuta. Kausoma. Anaandika. Kaacha. Anaandika tena. Kaacha.

Nimeongeza:

"Shemeji, sitaki maelezo. Kesho asubuhi gari la vigingi linatoka kwenu saa tatu na nusu. Nijibu kabla ya saa tatu kamili: utaiandika ile sentensi, ndiyo au hapana?"