Jani la Isale kwenye Tela la Boti

Mwika, 9 Novemba 2025

Shikamoo Baba,

Leo nakueleza yote, hata yale ambayo Mama alisema niyaache.

Sisi ni wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike. Tela la boti nalitunza kama ulivyonifundisha kabla hujaenda Mwanza. Nimelipandisha juu ya mawe ili matairi yasiguse udongo, nikayafunika kwa magunia yasipasuliwe na jua. Kila mwezi napaka grisi na kuyazungusha magurudumu yasishikwe na kutu.

Babu akipita alikuwa ananicheka. "Elinipendo, boti huku mlimani! Mnangoja gharika?" Lakini jina lako hakulitaja tangu mlipogombana, ulipouza ng'ombe wake bila kumuuliza ili ununue tela hilo.

Mwezi uliopita niliugua malaria, sikuweza kutoka nje. Nilipopona nilikuta magurudumu yamepakwa grisi mpya, na kwenye chuma cha kuunganishia gari limefungwa jani la isale. Nilishangaa, maana kwetu jani hilo ni la kuomba msamaha, na anayepelekewa hakatai. Ila sijawahi kuona mzee akimpelekea mwanawe.

Nilitaka kulifungua nimuulize Mama. Babu akaniita kutoka zizini, "Wee, liache! Atalitoa mwenye tela."

Baba, jani limeanza kukauka. Naomba unijibu upesi: Krismasi utakuja kulitoa?

Mwanao akupendaye,
Elinipendo