Tumbako ya Babu

Bintu, Murhula,

Ninapeleka babu yenu ku hopitali ya Katana. Sombe iko mu sufuria. Musifungulie mutu mulango.

Tumbako yake yenye inakauka mu jikoni, ~~muichome~~ muizike. Moshi yake nayo iko mubaya.

Basoda balikuwa banatuibia mahindi mu shamba kila musimu, basi engrais yote, mbolea ya dukani, nikaitia ku tumbako. Majani ikakuwa makubwa, babu akafurahi. Lakini azoti ya mbolea ikizidi, majani ikikauka sumu inaongezeka. Nilisomea ile kilimo. Nilijua!

Asubui hii kidonda ya mu kinywa yake, pale anawekaka tumbako, ilitoka damu. Nikamuambia yote. Akanishika mukono: "Aksanti, mutoto wangu. Hakuna mwenye alinipatia tumbako tamu kama yako."

Ameomba tubebe majani mbili.

Nimebeba.

Maman yenu